Ufa Upo, Lakini Katika Ukuta Upi?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii haikosi kutajwa kila panapojadiliwa mazingira: katika insha za wanafunzi, katika hotuba za siku za kupanda miti na katika vipindi vya redio. Aghalabu msemaji huanza kwa kulalamikia joto, kisha akaeleza kuwa tabaka la ozoni limetoboka, jua linapenya bila kizuizi, na ndiyo maana mvua hazifiki kwa wakati na saratani zimezidi. Wasikilizaji huafiki. Hata hivyo, maelezo hayo yamefunga mambo tofauti katika furushi moja, na anayetaka kuziba ufa hana budi kujua kwanza uko katika ukuta upi.

Ozoni ni gesi ambayo molekuli yake huundwa na atomu tatu za oksijeni. Sehemu yake kubwa iko juu angani, baina ya kilomita 15 na 35 hivi kutoka ardhini, ambako huchuja mionzi ya urujuanimno itokayo kwenye jua. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba klorofluorokaboni, gesi zilizotumiwa katika majokofu na katika makopo ya kupulizia manukato na dawa, zingeiharibu ozoni hiyo. Mwaka 1985, wanasayansi wa Uingereza walitangaza kuwa ozoni ilikuwa ikipungua mno juu ya Antaktika kila ifikapo majira ya kuchipua ya huko. Hilo ndilo "tundu" linalozungumzwa. Liko kwenye ncha ya kusini ya dunia, si juu ya Nairobi wala Mombasa.

Mabadiliko ya tabianchi yana chanzo kingine. Kaboni dioksidi itokanayo na uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na misitu, pamoja na methani na gesi nyinginezo, hunasa joto linalopaa kutoka ardhini, mithili ya blanketi. Kwa hiyo joto halikuongezeka kwa sababu jua limepata tundu la kuingilia, bali kwa sababu joto lenyewe limezibiwa mlango wa kutokea. Athari zake Mkenya anazijua: ukame wa 2020 hadi 2023, uliomaliza mifugo kaskazini mwa nchi baada ya mvua kukosekana msimu baada ya msimu, ulizidishwa na joto lililokausha udongo na malisho.

Ni kweli kwamba mambo haya yana mafungamano. Klorofluorokaboni zenyewe hunasa joto, na hidrofluorokaboni zilizochukua nafasi yake haziidhuru ozoni lakini hunasa joto kwa nguvu kubwa. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali, mwaka 2016, kuzipunguza. Lakini ndugu wawili, hata wakifanana vipi, hawaitwi kwa jina moja.

Huenda mtu akauliza: yamfaa nini mwananchi kutenganisha mambo haya, maadamu ameelewa kuwa mazingira yaharibiwa na yu tayari kupanda mti? Jibu liko katika afya. Mionzi ya urujuanimno si joto. Haionekani wala haihisiwi hadi imekwisha kudhuru. Katika nchi zilizo kwenye ikweta, mionzi hii imekuwa mikali tangu jadi, kwa kuwa jua hupita karibu na utosi na tabaka la ozoni la tropiki ni jembamba kwa maumbile yake. Kadiri mtu apandavyo milimani ndivyo inavyozidi. Mkulima wa Kinangop aliyevaa sweta kwa sababu ya baridi huenda akadhani jua la siku hiyo halina makali, ilhali mionzi inapenya hata mawingu mepesi.

Fikiria basi mtoto mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina rangi ya kutosha ya kumkinga. Akiambiwa kwamba adui yake ni tundu la ozoni, ataamini kuwa hatari imeletwa na viwanda vya ng'ambo na kwamba hana la kufanya. Ukweli ni kuwa hata kama ozoni isingeguswa kamwe, angehitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na mwalimu asiyemlazimisha kusimama uwanjani saa sita mchana. Mambo hayo yamo katika uwezo wa mzazi, shule na serikali. Kwa kuyakosa, wengi wa wenzake wameuawa na saratani ya ngozi wakiwa vijana.

Au fikiria mafundi ambao Kiswahili cha Kenya kimewapa jina la jua kali. Mionzi inayochangia mtoto wa jicho huwafikia kutoka juu, na anayechomelea vyuma huipata pia kutoka kwenye cheche za kazi yake. Jioni huhisi kana kwamba macho yametiwa mchanga. Fundi huyu hahitaji hotuba kuhusu Antaktika. Anahitaji kioo cha kukinga uso.

Isitoshe, ozoni hiyo hiyo inayosifiwa kule juu ni sumu huku chini. Moshi wa magari ukipigwa na jua huizalisha karibu na ardhi, nayo huwasha mapafu, huwazidishia taabu wenye pumu na hudhoofisha mimea shambani. Ozoni ya juu yahitaji kulindwa, ya chini yahitaji kuzuiwa.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia. Sekretarieti ya ozoni ya Umoja wa Mataifa iko Nairobi, lakini mkazi wa jiji hilo hilo bado huelezwa habari hizi kwa maneno yanayogongana. "Hali ya hewa" hutumiwa kwa mvua ya leo na kwa tabia ya miaka thelathini, ilhali neno "tabianchi" lipo. "Urujuanimno" limelala kamusini. Kuunda istilahi na kuziacha vitabuni ni sawa na kuchimba kisima na kukifunika. Hapana budi zitumiwe katika insha, katika tafsiri za mabango ya hospitali na katika vitabu vya shule.

Kuna sababu nyingine ya kutochanganya mambo. Ufa wa ozoni uligunduliwa, na dunia ikauziba. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliridhiwa na kila taifa, na tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa ozoni itarejea kiwango cha mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 hivi katika sehemu kubwa ya dunia, na mwaka 2066 hivi juu ya Antaktika. Anayesema kuwa ozoni inazidi kutoboka ndiyo maana kuna joto huwanyang'anya wasikilizaji wake habari njema, na papo hapo huwaficha ufa wa pili, ule wa tabianchi, ambao bado unapanuka. Wahenga hawakusema ufa wowote uzibwe popote. Mwenye nyumba huukagua ukuta kwanza, ndipo akachanganya udongo.