Tutazame Mkono Uandikapo

Walimu wa darasa la kwanza tuna desturi ya kukusanya madaftari, kuketi mezani, na kutia alama ya vyema penye herufi zilizokaa sawa. Sisi tumefanya hivyo miaka mingi hapa Gungu, na twakiri kwamba tulisahihisha nusu ya kazi. Tulikuwa na mtoto aliyeandika herufi “a” safi kabisa, ila aliianzia mkiani akaizungusha kinyume. Tukampa vyema. Alipofika darasa la tatu, wenzake walimaliza sentensi ya imla yeye akiwa bado katika neno la pili, nasi tukamwita mvivu.

Kosa lilikuwa letu. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, alieleza kwamba vidole vya mpiga muziki huweza kufikia mipigo 16 kwa sekunde. Hapana wasaa wa habari za mpigo mmoja kurudi ubongoni kabla ya mwingine kuanza. Basi mfululizo mzima hauna budi kupangwa mapema. Mpango huo wataalamu huuita programu ya mwendo. Mtoto anayeanza hana mpango huo, naye huufuata kila mstari kwa jicho. Mazoezi ndiyo huujenga, na ubongo mdogo ulio upande wa kisogo hulinganisha mwendo uliokusudiwa na ule uliotokea. Lakini kinachorudiwa ndicho kinachojengeka, kiwe chema au kibovu.

Mshona nyavu wa ufukwe wa Kibirizi huongea na jirani yake huku sindano ikipita matunduni. Anayemfundisha kijana kazi hiyo hangoji wavu uishe ndipo aukague. Huushika mkono wa kijana pale pale uzi unapopotea njia.

Tena, ndugu mwanachuo, andika jina lako ubaoni kwa chaki, kisha daftarini. Ubaoni bega na mkono mzima hufanya kazi, daftarini ni vidole hasa. Hata hivyo mwandiko ni ule ule wako. Kumbe ubongo huhifadhi umbo la mwendo, wala si amri za misuli fulani tu. Kwa hiyo twapendelea herufi kubwa hewani na mchangani (mchanga hatuununui) kabla ya penseli.

Mtaala wa mwaka 2015 uliweka mkazo wa darasa la kwanza na la pili katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na tuliufurahia. Wapo watakaouliza: katika darasa la watoto themanini, nani ataitazama mikono yote? Hatusemi ni rahisi. Wengine wakiandika mchangani, mwalimu atazame mikono kumi kwa siku. Siku nane zatosha kuizungukia yote.

Yule mtoto wetu tulimrudisha mchangani. Ilichukua muhula mzima, na kila tulipoharakisha imla, mkono wake uliianzia tena “a” mkiani.