Msiidharau riwaya ya upelelezi

Nakala yangu ya Kufa na Kupona, riwaya ya Elvis Musiba ya 1974 yenye mpelelezi Willy Gamba, haina jalada tena. Niliinunua ya mtumba Maili Moja, Kibaha, na kurasa za mwanzo nimezishona kwa uzi. Kila nikienda Kisarawe, shemeji yangu mwalimu hunitania: "Shemeji, bado unamfukuzia Willy Gamba?" Yeye ni mtu wa Kezilahabi; riwaya ya mwandishi huyo, Rosa Mistika ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, ndiyo anayoiita fasihi. Mkewe hatutaki sote wawili. Anamtaka mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni.

Tukibishana hadi chai inapoa, mimi husema hivi: asiyewahi kukesha na kitabu cha kusisimua hatakuwa na subira ya kitabu kigumu. Mimi mwenyewe nilifika kwa Kezilahabi nikiwa nimeshikwa mkono na Willy Gamba.

Walimu wa Kibaha na Kisarawe, wekeni vyote kwenye rafu moja. Mtoto achague. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa, hiyo si hasara, uzi upo.