Damu Yetu Ina Pasipoti

Kuna sentensi nimechoka kuisikia: "Vijana wetu hawapendi sayansi." Husemwa kwenye kongamano la hoteli Nairobi, na mtu aliyevaa suti, dakika chache kabla ya chai. Mimi natoka Kegonga, Kuria Mashariki, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Nimesomea baiolojia ya molekuli. Nataka kuchunguza jeni za saratani, nijue kwa nini mtu huyu anaugua na jirani yake anapona salama, ilhali wamekula chungu kimoja. Kazi hiyo naipenda, haki. Kwa hivyo tuongee vizuri, jamani. Mapenzi yapo. Kiti ndicho hakipo.

Watu hudhani utafiti wa saratani ni mambo ya ng'ambo yaliyotufikia jana. Kumbe ulianzia pia huku kwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya. Mwaka uliofuata akachapisha makala kuhusu ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakazunguka maili kama 10,000 hadi Afrika Kusini, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza swali moja tu: huu uvimbe mmeuona? Ramani iliyotoka pale ilifuata joto na mvua, yaani ilifuata njia za mbu wa malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alihutubia London, na kwenye viti alikuwepo Tony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kupanda ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyovikuta ndani ya chembe hizo. Ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Vilipatikana kwenye mataya ya watoto wetu.

Haikuishia hapo. Kuna chembe za maabara zinazoitwa Daudi, na nyingine Namalwa. Zote zilitoka mwaka 1967 kwenye uvimbe wa watoto wa Kiafrika wenye ugonjwa wa Burkitt, na mpaka leo zinakuzwa kwenye maabara za dunia nzima. Namalwa zilitumiwa na kampuni ya Wellcome ya Uingereza kutengeneza dawa ya interferoni. Ukizitaka leo, unafungua katalogi na kuziagiza, unalipa kwa pesa za kigeni. Fikiria hilo kidogo. Daudi amesafiri kuliko mbunge yeyote wa Migori.

Sasa tuje karibu. Kati ya 2010 na 2016 kulikuwa na utafiti mkubwa unaoitwa EMBLEM. Ulifanyika kwenye maeneo sita: mawili kaskazini mwa Uganda, Mwanza na Mara kule Tanzania, Nyanza na Magharibi huku Kenya. Watoto zaidi ya 800 wenye Burkitt walilinganishwa na karibu 3,000 wasio nayo. Moja ya maswali lilikuwa tamu sana kwa mtu kama mimi: je, jeni zinazomkinga mtoto na malaria, kama ile ya selimundu, zinamkinga pia na saratani hii? Kegonga iko katikati kabisa ya swali hilo, Nyanza ikiwa mgongoni na Mara mbele ya uso.

Aliyeongoza EMBLEM ni Mganda, Sam Mbulaiteye. Alisomea udaktari Makerere, akaenda Cambridge kusomea epidemiolojia, kisha akafanya kazi yake kubwa katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Sina ugomvi naye hata chembe. Namheshimu. Lakini angalia njia aliyopita: ili Mganda aongoze utafiti juu ya watoto wa kaskazini mwa Uganda, ilibidi ofisi yake iwe Maryland. Watu humtaja kama mfano wa kutupa moyo. Mimi namwona kama ushahidi wa kesi.

Na njia ya mtu wa kawaida je? Unatoka Kegonga na alama nzuri. Unaenda Eldoret au Nairobi kwa digrii ya kwanza. Ukimaliza, kazi iliyopo ni ya msaidizi wa utafiti, kwa mkataba. Nimeifanya katika mradi mmoja ambao sitautaja. Nilibeba kasha la barafu kwenye boda, nikaketi kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba za watu, nikaeleza fomu ya ridhaa kwa Kikuria mpaka bibi wa miaka sabini akaielewa na kuuliza maswali magumu kuliko ya kamati ya maadili. Damu ikaenda ng'ambo kwa barafu kavu. Nilipoomba kutumia sehemu ndogo ya data kwa shahada ya uzamili, nikaambiwa niandikie kamati inayokaa bara lingine. Jibu lilikuja mkataba wangu ukiwa umeisha. Makala ilipotoka, sisi wote wa mashinani tulishukuriwa kwa maneno mawili: "timu ya nyanjani." Damu ina pasipoti, ina viza, ina kiti cha dirishani. Aliyeitoa na aliyeibeba wamebaki steji.

Najua mtakachosema. Kwanza, "mashine hatuna." Hoja hiyo ilikufa wakati wa korona. KEMRI-Wellcome kule Kilifi walisoma vinasaba vya virusi hivyo hapahapa nchini, na wakaisaidia serikali kujua aina gani inaingia. Kumbe zikitakiwa kwa haraka, zinapatikana.

Pili, na hii ni hoja nzito zaidi: "Mtu wa Kegonga anakufa kwa kuchelewa kupimwa na kukosa nauli ya kwenda hospitali kubwa. Jeni za nini?" Naiheshimu hoja hii kwa sababu ni kweli nusu. Mtoto mwenye Burkitt kwenye nchi tajiri hupona mara tisa kati ya kumi. Huku kwetu ni karibu nusu, na tofauti hiyo haiko kwenye jeni zake. Iko kwenye dawa, barabara na muda. Lakini nani kasema tuchague? Kipimo cha HPV kwa saratani ya mlango wa kizazi ni cha molekuli. Kujua kama uvimbe wa titi utaitikia dawa za homoni ni kusoma chembe zenyewe. Bila hivyo daktari anatibu kwa kubahatisha. Sayansi hii ni sehemu ya matibabu, na anayeiita anasa mara nyingi ana bima inayomlipia.

Tatu, "sayansi haina kabila, haijalishi nani anasoma sampuli." Inajalisha, bana, kwa sababu anayeshika kalamu ndiye anayechagua swali. Mwaka 2022 Segun Fatumo na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature Medicine kwamba asilimia 86 hivi ya tafiti za jenomu zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika ni asilimia 1.1. Hiyo ndiyo sayansi isiyo na kabila.

Mimi nina maswali yangu. Kuria tumelima tumbaku kwa miaka mingi. Nawajua kina mama waliokesha kwenye mabanda ya kukaushia, wakichochea kuni usiku kucha, na watoto wakifunga majani kwenye vijiti kabla ya shule. Tangu 2022 kuna mradi Migori wa kuwasaidia wakulima kuhamia maharagwe, na ni vizuri. Lakini miili iliyokwisha kaa kwenye moshi ule haihami. Si mbali na hapo, hospitali ya Tenwek kule Bomet imeona kwa miaka mingi saratani ya umio kwa wingi wa kutisha, hata kwa vijana wasiofika miaka 30. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na shirika la IARC wamechunguza chai ya moto na pombe. Mimi nataka kuuliza juu ya banda. Na nataka kuwafuata Wakuria pande zote mbili za mpaka, Kegonga na Tarime, maana jeni hazikuulizwa Mkoloni alipochora mstari.

Shangazi yangu alianza kwa kushindwa kumeza ugali. Akahamia uji. Kisha maji. Hakuna aliyechukua kipande, hakuna aliyeandika kokote. Kwenye takwimu za nchi hii hakuugua kamwe.

Pesa? GLOBOCAN ilikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Hazina ya Taifa ya Utafiti. Hatujawahi kuifikia. Tumetegemea mfuko wa mwingine, na Mei 2025 taasisi za afya za Marekani, NIH, zilipotangaza kusimamisha utaratibu wa kupitisha ruzuku mpya kwa washirika wa nje, tuliona ni nani hasa aliyekuwa ameshika ufunguo wa friza.

Kwa hivyo msinipe tena semina ya kuhamasisha vijana, na skolashipu ya kuondoka peke yake haitoshi. Nataka nafasi ya kudumu ya mtafiti, yenye mshahara wa serikali, ninayoweza kuiomba nikiwa na shahada ya uzamifu na bado nikaishi Migori. Nataka sajili ya saratani inayofika zahanati za Kuria, ili kifo cha umio kiandikwe. Nataka kila mkataba wa sampuli useme zitahifadhiwa wapi, nani wa hapa ataongoza uchambuzi, na matokeo yatarudi lini kwa Kikuria na Kidholuo. Na kaunti zisiweke sahihi bila hayo.

Mkiyafanya hayo, njooni Kegonga mhesabu ni vijana wangapi wasiopenda sayansi.