MAARIFA YA NYUMBANI: Tela Kuukuu la Jeshi

Miongoni mwa vitu vinavyomvutia askari aliyestaafu anapofika mnadani ni lile tela dogo la magurudumu mawili lililokuwa likikokotwa na jeep au Land Rover. Bei yake huwa ya chini, chuma chake ni kizito, na kazi zake nyumbani hazihesabiki: kubeba mapipa ya maji, magunia ya mahindi, matofali, kuni, na hata vyombo vya nyumba siku ya uhamisho. Lakini tela halina injini, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba halina cha kuharibika. Dhana hiyo ni ya hatari. Tela likichomoka nyuma ya gari halina dereva wala usukani, na watoto watembeao kando ya barabara hawana pa kukimbilia.

Matela haya yana historia yake. Kampuni ya American Bantam ya mji wa Butler, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ndiyo iliyowasilisha jeshini gari la kwanza la majaribio la aina ya jeep mwezi Septemba mwaka 1940. Mikataba mikubwa ikaangukia mikononi mwa Willys na Ford, nayo Bantam ikageukia kazi nyingine, mojawapo ikiwa kuunda tela la jeep. Tela hilo lilikusudiwa kubeba ratili 500, yaani kilo 227 hivi, nalo sanduku lake halikupitisha maji, ili liweze kuelea wakati wa kuvuka mto. Baada ya vita likafuatwa na tela la M100, kisha M416. Huko Uingereza, Sankey iliunda tela kubwa zaidi, la robo tatu ya tani, kwa ajili ya Land Rover.

Kabla ya kutoa fedha, hapana budi kutazama karatasi. Mara nyingi mama wa nyumba ndiye huuliza swali lililo kuu kuliko yote: "Baba watoto, hati za kitu hiki ziko wapi?" Mali iliyotoka jeshini au polisi lazima iwe na stakabadhi ya mnada na barua inayoonyesha kwamba imeuzwa kihalali. Askari, hata akiwa amestaafu, akikutwa na tela la serikali lisilo na hati, atapata taabu kueleza alivyolipata. Namba iliyopigwa kwenye kibati cha chuma au kwenye fremu ilinganishwe na ile iliyoandikwa katika hati, tarakimu kwa tarakimu.

Hati zikiwa sawa, mnunuzi na apige magoti atazame chini ya tela. Ajabu ni kwamba sanduku lililoundwa ili maji yasiingie, leo huoza kwa sababu maji hayatoki. Sakafuni kuna vizibo vya kutolea maji. Visipofunguliwa kwa miaka mingi hukamatwa na kutu, na mvua hutuama humo kama katika karai. Mnunuzi achukue bisibisi imara na kudunga sakafu, pembe zote, na hasa mahali ambapo fremu hukutana na sanduku. Sakafu iliyotoboka yaweza kukatwa na kuwekwa bati jipya. Fremu iliyoliwa na kutu, au iliyopasuka karibu na mlingoti wa kukokotea, ni jambo jingine. Hiyo ni ya fundi wa kuchomelea aliye hodari, na gharama yake ijulikane kabla ya bei kukubaliwa. Mafundi wa namna hiyo hawakosekani Katwe mjini Kampala wala Kamukunji mjini Nairobi.

Tela likifika nyumbani, watoto waondolewe karibu nalo. Rangi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likiingia tumboni au kifuani hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo rangi isikwanguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe, isuguliwe kwa msasa wa maji, na takataka zake zikusanywe juu ya turubai, zisiachwe zikachanganyika na udongo ambamo kuku huparura na watoto huchezea. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Hali kadhalika vumbi lililomo ndani ya breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwani viatu vya breki vya enzi hizo vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu. Vumbi hilo nalo lilowanishwe kwa maji na kupanguswa kwa kitambaa kitakachotupwa.

Sasa magurudumu. Hapa ndipo penye hatari ambayo hata mafundi wengine huisahau. Baadhi ya magari na matela ya vita yalikuwa na rimu ya vipande viwili, iliyounganishwa kwa nati zilizopangwa kuizunguka. Nati hizo sizo zinazoshika gurudumu kwenye habu. Mtu akizilegeza hali tairi ina upepo, rimu hufumuka kwa nguvu kama bomu, na yumkini akapoteza maisha. Sheria ni moja: gurudumu la namna hiyo lisiguswe mpaka kichungi cha vali kimetolewa na upepo wote umekwisha. Asiyeweza kutambua nati ipi ni ipi na apeleke kazi hiyo kwa fundi wa matairi anayezijua rimu hizo.

Tairi zenyewe zisihukumiwe kwa kashata zake tu. Tela la jeshi hukaa miaka mingi bohari bila kutembea, kashata zikabaki ndefu huku mpira umekauka na kupasuka ubavuni. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu 4 ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 1215 maana yake ni wiki ya 12 ya mwaka 2015. Zikiwa tarakimu 3 tu, tairi hiyo ni ya karne iliyopita, na kazi yake iliyobaki ni kupandia maua.

Beringi za magurudumu zifunguliwe zote mbili kila upande, zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe na kukaguliwa. Iliyo na vidonda au rangi ya buluu ya kuungua ibadilishwe pamoja na kikombe chake. Grisi mpya ishindiliwe kwa kiganja mpaka ipenye kati ya roli zote. Kuipaka juu juu hakufai. Sili ya mafuta iwekwe mpya, kwani ya zamani ikivuja, grisi itaingia kwenye breki. Wakati wa kufunga, nati ikazwe huku habu ikizungushwe, kisha ilegezwe kidogo mpaka gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kutikisika. Pini ya kuifunga nati iwe mpya. Ya zamani hukatika.

Taa nazo zina fumbo lake. Matela ya jeep ya wakati wa vita yalitumia umeme wa volti 6, na mengi ya jeshi yaliyofuata yalitumia volti 24, ilhali gari la nyumbani lina volti 12. Balbu ya volti 24 ikiunganishwa na gari hilo huwaka hafifu kama kibatari, na dereva wa basi ajaye nyuma usiku haioni. Balbu, nyaya na plagi zibadilishwe zote, na vipande vyekundu vya kuakisi mwanga vibandikwe nyuma.

Pete ya kukokotea ya matela ya jeshi hushikwa na ndoano ya jeshi yenye kufuli. Haiwezi kushikwa na mpira wa chuma ulio nyuma ya magari ya kiraia. Wako wanaoifunga kwa nondo na waya. Hilo lisifanywe kabisa. Ama gari liwekewe ndoano inayofaa, ama mlingoti ubadilishwe kichwa na fundi anayeaminika. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mlingoti, ili pete ikichomoka mlingoti usidondoke barabarani.

Mwisho ni mzigo. Tela likielemewa nyuma huyumba, na likishaanza kuyumba katika mteremko ni vigumu kulituliza. Mzigo mzito upangwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo, hata mlingoti ukandamize ndoano kwa sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 ya uzito wote. Watu wasipandishwe humo, hata kama safari ni ya kutoka kambini hadi sokoni.

Rangi mpya isiwe ya kijeshi, wala namba ya kikosi isiachwe ubavuni. Safari ya kwanza iwe fupi, tela likiwa tupu. Baada ya kilomita 10 hivi dereva asimame, akaze tena nati za magurudumu, na kusogeza mkono karibu na kila habu. Habu yenye uvuguvugu haina neno. Iliyo moto kiasi cha kutogusika ina beringi iliyokazwa mno, iliyokosa grisi, au breki inayokamata. Na safari ya pili ingoje mpaka hilo lirekebishwe.