Mandari Isiyoiachia Mwakirunge Taka

UPEPO WA PWANI
Na Mwanaisha Athman

Shaabani ikianza kuyoyoma, familia za Mombasa huulizana: mwaka huu jungu tunalivunja wapi kabla ya Ramadhani? Zamani jibu lilikuwa ufuoni. Siku hizi vijia vingi vya kuteremkia baharini upande wa Nyali hadi Shanzu vimebanwa na kuta za hoteli na majumba, na wenye jamaa mashambani hugeukia bara. Mwakirunge, kule ndani Kisauni, kuna minazi na miembe yenye kivuli, watoto wana mahali pa kukimbia, na samaki wa Mtwapa hawako mbali. Wanaokwenda mandari huko wamechagua vizuri. Ombi langu kwao ni moja: wasiende na sahani, vikombe na vijiko vya plastiki.

Tangu jaa la Kibarani lifungwe mwaka 2018, Mwakirunge ndiko malori yanakomwaga taka za mji. Jaa likishika moto, moshi wake huingia majumbani mwa watu, na wapo wanaoshinda juu ya lundo hilo wakiokota chupa na vyuma ili wapate cha kula. Mgeni atokaye kisiwani akala samaki chini ya mwembe wa Mwakirunge, kisha akaacha gunia la sahani za kutupa, amemtwika mwenyeji wake mzigo juu ya mzigo. Na asiniambie mtu kwamba atazibeba taka zake arudi nazo mjini. Zikitoka kwenye pipa la Tudor au Majengo, lori litazirudisha kule kule zilikotoka.

Sheria haitatusaidia sana hapa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu ya hifadhi na fuo za bahari. Shamba la mtu si ufuo wala si mbuga. Jukumu linabaki juu ya mwenye karamu.

Kinachonitia moyo ni kwamba mapishi yetu wenyewe hayajawahi kuhitaji plastiki. Moto wa kubanika samaki huwashwa kwa makumbi na vifuu, navyo vimejaa chini ya minazi. Makumbi hushika upesi; vifuu ndivyo vinavyotoa makaa makali ya kudumu. Samaki, awe changu au kolekole, huchanjwa mbavuni, akapakwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, akaachwa viungo vimwingie huku ndimi za moto zikitulia. Akibanikwa kabla hazijatulia, ataungua nje na ndani awe mbichi. Akikaribia kuiva ndipo hupakwa tui zito lililopikwa kwa bizari na ukwaju mpaka likashikana: upande mmoja, akageuzwa, upande wa pili, kisha tena, hadi tui lishike kama ngozi na kubabuka kidogo ukingoni. Anayepaka haondoki pale motoni. Kazi hiyo apewe mtu mwenye subira na aachiwe yeye peke yake, maana samaki wa kupaka huharibiwa na mikono mingi.

Chaza hawana kazi. Huwekwa juu ya makaa na maganda yao, wakifunuka wameiva, na ganda ndilo sahani. Kaa wa mikoko naye huchomwa na gamba lake. Jike mwenye mayai asinunuliwe kabisa, arudi mikokoni.

Pweza anataka mwenyeji anayeuangalia mwezi. Wanaomvua kwa miguu humtafuta mwambani maji yakikupwa, na maji hukupwa sana wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Ukiweka mandari siku za maji mafu, huenda ukaishia kununua pweza wa kwenye barafu. Vunjo la jungu, kwa kuwa huangukia mwisho wa Shaabani, hukutana na mwezi unaoandama, na bamvua iko njiani. Karamu nyingine zote, za likizo au za kuwakaribisha jamaa kutoka Uarabuni, hupangwa kwa kufuata mshahara. Zipangwe kwa kufuata maji, na mvuvi aambiwe mapema. Samaki wachukuliwe kwa vikapu au ndoo.

Wenzetu wa mbali nao wanajua kufanya karamu isiyoacha plastiki. Kisiwani Chiloé, huko Chile, hupikwa curanto: shimo huchimbwa, mawe hupashwa moto, kome na samakigamba wengine hupangwa juu yake, na yote hufunikwa kwa majani mapana ya nalca. Karamu ikiisha hubaki maganda, majani na majivu. Yetu pia ingebaki hivyo, na miiba na matumbo ya samaki yakafukiwa shinani mwa mgomba.

Majirani wa shamba waalikwe kabla moto haujawashwa. Nimeona mandari ambazo wenyeji wa Mwakirunge huitwa kuteka maji na kuosha masufuria, kisha hupewa vichwa vya samaki. Hilo linaniuma. Waketi kwenye jamvi na wageni, muhogo wao upokewe, uchomwe kwenye makaa yale yale na uliwe na samaki yule yule. Maji nayo yaje na wageni, kwa madumu, yatoshe kupika, kunawa na kuosha vyombo.

Vyombo si vya kununua. Misikiti na vyama vya kina mama vina masinia ya shughuli yaliyolala stoo kati ya harusi na harusi, na birika za kunawia pamoja nayo. Mwenye karamu akaazime mapema, kwa sababu Shaabani harusi nazo ni nyingi.