Maabara zipimwe, na majibu yabandikwe ukutani

Kipimo cha taifodi kinachotumika sana katika maabara za mitaani Afrika Mashariki kina asili yake Paris, mwaka 1896, kwa daktari Fernand Widal. Mpimaji anadondosha tone la majimaji ya damu ya mgonjwa kwenye kibao, anaongeza kitendanishi chenye bakteria waliokwisha kuuawa, anakitikisa kibao taratibu, kisha anainama kutazama kama chembechembe zimegandana. Macho yake ndiyo yanayoamua. Mwanga ukiwa hafifu, kitendanishi kikiwa kimelala nje ya friji umeme ulipokatika, au tone likiachwa hadi likaanza kukauka, majibu yanageuka.

Hata kila kitu kikifanywa sawasawa, kipimo hiki hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, nazo hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona, na wakati mwingine huamshwa na maradhi mengine kabisa, malaria ikiwemo. Mgonjwa anaondoka na karatasi ya "taifodi" na dozi ya antibayotiki asiyoihitaji, huku homa inayomsumbua ikiendelea kumla.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha. Kwa mtu mzima, damu ya mililita 8 hadi 10 huingizwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, ikawekwa kwenye joto linalokaribia la mwili na kuangaliwa kwa siku kadhaa. Nayo ina mipaka yake: kwa taifodi inakadiriwa kuwanasa takriban wagonjwa 6 kati ya 10, na aliyekwisha kumeza antibayotiki kabla ya kutolewa damu anaweza kupita bila kuonekana.

Tena wanaoweza kuotesha ni wachache mno. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliohusisha nchi 14 za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulizitazama maabara karibu 50,000 na kukuta ni asilimia 1.3 tu zinazofanya vipimo vya bakteria. Takwimu hiyo ilistahili kuzua mjadala bungeni.

Sasa, katika hizo chache, ipi inaaminika zaidi? Njia ya kujua ipo, na wataalamu wa maabara wanaifahamu vizuri. Taasisi moja inaandaa sampuli zinazofanana, yenyewe ikijua kilichomo, na kuzituma kwa maabara nyingi bila kuzitajia jibu. Sampuli nyingine huwa haina bakteria hatari hata mmoja, ili kumnasa anayeona ugonjwa usiokuwepo. Kila maabara inarudisha majibu kabla ya tarehe ya mwisho, na yanalinganishwa.

Kasoro mbili zinaupunguzia utaratibu huu makali. Kwanza, sampuli hizo hufika zikijulikana kuwa ni za mtihani, hivyo ni rahisi zikapewa fundi hodari kuliko wote na kurudiwa mara mbili, jambo ambalo mgonjwa wa Jumatatu asubuhi hafanyiwi. Pili, kwa kawaida alama hubaki baina ya maabara na waandaaji. Anayelipia kipimo hazioni.

Wapo wanaohofia kwamba kutangaza alama kutawaaibisha wapimaji wa vituo vidogo. Hofu hiyo ina uzito, kwa sababu mara nyingi kosa si la mpimaji: vitendanishi vimeisha, friji imeharibika, zamu nzima ina mtu mmoja. Lakini kuficha alama hakujamletea friji mpya. Mganga mkuu wa wilaya akiona hadharani kwamba maabara yake imekosea sampuli tatu kati ya tano, na sababu imeandikwa pembeni, ana hoja ya kwenda nayo kwenye kikao cha bajeti.

Pa kuanzia papo. Tangu mwaka 2009, mpango uliozinduliwa Kigali na WHO kanda ya Afrika umekuwa ukikagua maabara na kuzipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, kwa kuangalia kumbukumbu, mashine, mafunzo na stoo. Bodi zinazosajili maabara zikiongeza sharti moja kwenye leseni, kwamba alama za ulinganisho wa mwisho zibandikwe dirishani pa kulipia kando ya bei za vipimo, mgonjwa atazisoma kabla ya kutoa pesa. Na angalau sampuli moja kwa mwaka ipelekwe kimyakimya, ikiwa na jina la mgonjwa wa kawaida na risiti iliyolipiwa.