NDOO YA MAJI SI DAWA YA MOTO WA SALFA

Ndugu wafanyakazi wa Dundori,

Wako wenye mashamba wanaodhani kwamba salfa ya unga, ile dawa ya kuua ukungu wa maua, ikishika moto stoo, kibarua na ndoo yake watatosha. Hayo ni makosa makubwa.

Salfa ikiungua, mwali wake ni wa buluu hafifu, mchana hauonekani vizuri. Huyeyuka na kutiririka huku inawaka. Moshi wake ni sumu, mzito kuliko hewa, hukaba pumzi. Ukiipiga maji kwa nguvu, vumbi huruka, nalo likikutana na moto huweza kulipuka. Moto mdogo hufunikwa kwa mchanga mkavu. Mkubwa hunyunyiziwa maji kama manyunyu, na watu waliofunzwa, wenye vifaa vya kupumulia. Wengine wote wakae mbali, mita 25 au zaidi, upande upepo unakotoka.

Tusisahau Sachang'wan, Januari 31, 2009. Ile ilikuwa petroli, lakini watu zaidi ya 100 walikufa kwa kuwa walikuwa wamelizunguka lori.

Basi twadai mafunzo, mazoezi ya moto, na mchanga mlangoni mwa kila stoo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtwika mwajiri mzigo wa kufundisha. Tena yakataza mfanyakazi kurudishwa penye hatari kabla haijaondolewa. Ukiamriwa kuingia mikono mitupu, mwambie nyapara hatari iliyopo, kisha mwite mjumbe wa chama.

Stoo hujengwa tena. Mtu hajengwi.

Umoja ni nguvu.